Rundo la Kulia Lisome Upya

Mwanahamisi mwanangu, mama yangu,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi toka Al Sadd, humu sizirudii. Karatasi nimeichana kwenye daftari la Odhiambo, kalamu ni yako, herufi ni zangu mwenyewe, zinatembea upande kama kaa. Usizicheke. Kisomo cha watu wazima nilikwenda jioni tatu, ya nne mwalimu akaniomba nimpishe, eti nawachekesha wenzangu. Ndiyo elimu yangu yote hiyo. Nyingine nimeiokota barabarani.

Wewe husema baba yako akianza maneno hanyamazi. Kweli. Ila nikiwa na jambo la kweli mdomo wangu unageuka, unatoa kichekesho. Kalamu haina meno ya kuchekea. Ndiyo maana naandika.

Habari za sweta, sijui kula vizuri, sijui piga simu ukifika, hizo siziandiki. Una miaka thelathini na moja, umeshika kisu ukapasua miguu ya watu kule Marekani na wakaamka wakakushukuru. Mimi nikufundishe sweta?

Nataka kukwambia jambo moja, na ndani yake kuna mawili mengine, na yote matatu ni makosa yangu. Kaa chini.

Unakumbuka siku ya tatu toka ufike. Tumekaa hapa Doha, chumbani Najma, juu ya bakala, hiki kiduka cha vyakula, wewe kwenye kitanda cha Odhiambo, yeye amekupisha kahamia kwa binamu yake Muaither. Nikakuuliza mbona chai inapoa. Ukasema:

"Baba, kuna mtihani."

"Daktari gani tena anafanya mtihani? Si ulishamaliza?"

"Kila mwaka, Baba, mpaka tumalize mafunzo ya upasuaji. Tunaufanya wote, halafu wanatupanga."

"Mwaka jana walikupanga wapi?"

Ukaiangalia chai. "Karibu na mkia."

"Mkia wa nini? Wa tausi au wa mbuzi?"

Hukucheka. Ndipo nikajua. Ukaniambia mkuu wenu amekuita ofisini, amesema mwaka huu ukirudi hukohuko mkiani watakaa kikao juu yako. Labda urudie mwaka. Labda... na hapo hukumalizia. Mtoto aliyesoma usiku na mchana, anayelala wodini amevaa viatu, akashindwa kumalizia sentensi mbele ya baba yake.

Mimi ningekukumbatia. Badala yake nikasema, "Leta hizo karatasi zako. Umefika kwa bingwa."

Bingwa! Mwanangu, hapo ndipo lilipoanzia.

Ulikuwa na zile karatasi ngumu, mamia, umeziandika kwa mkono wako, swali mbele, jibu nyuma. Ukanifundisha kazi. Wewe unasoma swali, unanipa karatasi, unajibu umefumba macho, mimi natazama nyuma. Ukipata, naiweka kulia. Ukikosa, kushoto. Za kushoto unazisoma tena, za kulia unaachana nazo, maana muda hautoshi. Wiki mbili, kila siku baada ya mimi kurudisha watoto wa bosi kutoka shule, tumekaa hivyo. Wewe unasema, mimi natazama nyuma ya karatasi, nakunja uso kama hakimu, nasema:

"Sahihi!"

"Kweli, Baba?"

"Asilimia mia. Lete nyingine."

Mwanahamisi, sijui kusoma Kizungu.

Nimeandika. Sasa limetoka.

Nakisema, ndiyo. Cha udereva. Yes madam, five minutes, coming. Mabango ya barabara nayajua kwa rangi na namba, na mzunguko upi una sanamu gani. Lakini kusoma, hapana. Nimejaribu. Wale watu wanaandika k, n, e, e, mimi nasoma "kinee", kumbe wanasema "nii", na maana yake ni goti! Sasa mtu na akili zake anaiweka hiyo k ya nini? Nikaachana nao. Na wewe ulinijua kama baba aliyezunguka dunia, anayegombana na polisi wa uwanja wa ndege kwa lugha nne. Ningesemaje?

Kwa hiyo nilikuwa natazama uso wako. Ukisema haraka, naweka kulia. Ukisitasita, naweka kulia vilevile, nakuonea huruma. Moja moja, ili usishtuke, naweka kushoto. Kama mpishi anayetia chumvi kwa kukisia.

Leo baada ya swala ya Ijumaa Odhiambo kapita kuchukua mashati yake ya kazi. Wewe umeshaondoka kununua tende za kuwapelekea wenzako. Akaona marundo mezani, lile la kulia refu kama mnara, la kushoto kama kichuguu cha juzi. Akasema, "Aki Mzee, huyu msichana ni noma. Hizi zote anajua?"

"Zote. Damu yangu hiyo."

Akachukua ya juu. Unamjua Odhiambo, amesoma mpaka fomu fo kwao Siaya, kule getini anakolinda anasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Akasoma swali, akageuza.

"Hii inauliza mfupa gani. Alisema upi?"

"Alianza kusema navikula. Halafu akasema hapana, kuboidi."

"So alichagua gani?"

"Zote mbili."

"Na wewe ukasema?"

"Sahihi."

Akaniangalia. Mlinzi akikuangalia hivyo unajua kitambulisho chako kimeisha muda. "Mzee. Hakuna navikula hapa, hakuna kuboidi. Ni mfupa mwingine kabisa." Akachukua nyingine. Na nyingine. Nikamwambia alichosema mtoto, maana kichwa changu kinashika maneno hata nisiyoyaelewa, si wajua nilivyo na hadithi. Kumi alizochukua, sita hazikuwa sawa. Akaketi kitandani kwako. "Si ungesema tu hujui kusoma? Ningekusomea. Niko Muaither, siko mwezini."

Nikamjibu nini? Nilifanya mzaha. Hakucheka na yeye. Wiki hizi mbili sijui watu wamefanya nini na vicheko vyao.

Basi, mama, rundo la kulia lisome upya. Lote. Usiamini hata moja. Ndegeni una saa nyingi, kisha zimebaki siku nane mpaka mtihani. Najua hazitoshi. Najua nimekula wiki mbili zako. Mtu mwingine angekuibia, angalau ungejua umeibiwa.

Na kitu kimoja nilikiona mle, hicho nakupa bure, kwa sababu uso wako nilikuwa nausoma vizuri hata kama karatasi siisomi. Ukiwa unajua, unasema polepole. Ukiwa hujui, unaongeza sauti. Umekirithi kwangu hicho. Mama yako alikuwa ananiambia, "Ukipaza sauti tu, najua tumepotea njia." Chumbani kwa mtihani hakuna wa kumpazia sauti, lakini kichwani utaisikia. Ukiisikia, rudi nyuma usome swali.

Sasa la pili.

Ile saa mkononi mwako.

Ulikuwa kidato cha pili. Mama yako, Mungu amrehemu, akanitumia ripoti yako kwa mtu aliyekuwa anarudi huku kutoka likizo. Hesabu ulipata F. Mimi nikanunua saa, ile ya mshipi mwekundu, nikaituma na maneno: "Hongera binti yangu kwa hesabu, endelea hivyohivyo." Ukalia siku mbili. Ukasema baba amenisema kwa mafumbo, amenipiga bila fimbo. Ukaichukua hesabu kwa hasira mpaka ukaongoza darasa. Siku ulipopata nafasi ya kwenda Marekani ukasimama mbele ya watu Muheza, ukainua mkono, ukasema, "Saa hii ndiyo iliyonifikisha. Baba yangu hajasoma lakini anajua kufundisha kuliko walimu wote."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye simu huku, nikapiga kifua. Hadithi hiyo nimeisimulia Najma nzima. Mwenye bakala ameisikia mara nyingi mpaka ananisahihisha.

Mwanangu, halikuwa fumbo. Niliona F, nikadhani ni Faulu.

Ndiyo. Faulu. F ya Faulu. Nikafurahi peke yangu huku ugenini, nikampa chai ya karaka kila dereva aliyekuwa kwenye foleni ya shule, nikawaambia binti yangu amefaulu hesabu. Baadaye ulipoandika barua ya kuomba radhi kwa ile F, ndipo nikaelewa. Nikafanya nini? Nikajibu, "Naam, nilijua utanielewa." Nikaivaa sifa kama koti la kuazima, nikalivaa mpaka nikasahau kulirudisha.

Sasa unaweza kusema si mbaya, kosa limezaa daktari. Mimi pia nilijiambia hivyo. Ndiyo sumu yake. Ukidanganya mara moja Mungu akakusitiri, unadhani una kipaji.

La tatu nimeliweka mwisho makusudi.

Ile karatasi ya kumi aliyochukua Odhiambo. Akaisoma kimya kwanza, kisha akanitafsiria. Mgonjwa wa kisukari. Ana kidonda chini ya mguu. Mguu umevimba, una joto, umebadilika rangi. Mgonjwa anasema haumwi. Ufanye nini? Akageuza nyuma, mwandiko wako, umepiga mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Akasema, "Ameandika hapa: kutoumwa si uzima. Kutoumwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Halafu anasema mtu asingojeshwe, hata siku moja."

Nikaivuta miguu nyuma. Akaniuliza, "Mzee, ni nini?"

Unakumbuka ulivyoniuliza mbona nimevaa khofu mchana kutwa. Zile soksi za ngozi. Nikakwambia baridi ya eisi ya Doha inaingia mpaka kwenye uboho.

Ukasema, "Vua basi nikupime bure. Wenzako wanapanga foleni."

"Miguu ya chuma hii. Haipimwi, hupigwa rangi."

Ukacheka. Siku ile ulicheka, nikajiona nimeshinda.

Mimi kisukari ninacho. Mwezi mmoja kabla hujaja, nilirudi kutoka kazini nikavua kiatu nikakuta mna kifuniko cha soda. Kile chenye meno. Nilikuwa nimekikanyaga tangu asubuhi, kimezama nyamani, na sikusikia kitu. Wallahi nilikwenda kwa Odhiambo kujisifu! Nikamwonyesha kifuniko, nikamwambia, "Tazama, mtu wa Muheza anatembelea chuma na hajui." Tukacheka wote wawili. Mguu sikumwonyesha.

Nikafunga kitambaa, nikatia mafuta ya habasoda. Halafu sikutaka kuutazama. Wewe unaijua sheria ya khofu: ukiosha miguu ukazivaa una udhu, huna haja ya kuvua kila swala, unapangusa maji juu yake. Mkazi ana siku moja na usiku wake. Msafiri ana siku tatu. Mimi nina miaka ishirini na sita Doha. Nina kitambulisho, nina duka langu la kukopa sukari, najua mashimo ya barabara kwa majina. Lakini kwenye khofu nikajifanya msafiri. Siku tatu. Nikavua upesi taa imezimwa, nikaosha, nikavaa. Siku tatu tena. Mungu katoa ruhusa kumpunguzia mja taabu, mimi nikaifanya pazia. Sisi watu wa Tanga neno ni lilelile, khofu ya ngozi na khofu ya moyo, hatutofautishi ulimini. Nimezivaa zote mbili.

Na ule udi niliokuwa nachoma kila jioni toka ufike, ukasema, "Baba umekuwa mtu wa Ghuba kweli, unanikaribisha kama bibi harusi." Haukuwa wa kukukaribisha, mama. Ulikuwa wa kuficha harufu.

Unajua kinachonichoma? Nilikusimulia juu ya kozi wa bosi. Ile ndiyo hadithi yangu kubwa, nimpelekavyo ndege hospitali, ndege ana kadi yake, anangoja zamu yake amevaa kofia ya macho, na mimi nimemshika mkononi kama balozi. Sikukumalizia hadithi. Yule kozi alikuwa anaumwa mguu. Kidonda chini ya unyayo. Daktari alimgeuza, akamtazama chini kwanza kabla ya bawa, kabla ya mdomo. Akamwambia bosi, amesimama sana mahali pamoja, anakula vizuri, hamumtazami chini. Bosi akasikitika, akanirudisha pale kila wiki mpaka ndege akapona. Miezi miwili nilikaa kwenye foleni ya mguu wa ndege. Kisha wangu mwenyewe nikauficha ndani ya kiatu.

Jumanne iliyopita nikitoka shuleni, mguu haukuniambia kama nimekanyaga breki au mafuta. Gari likaruka mbele kidogo. Watoto wakacheka, wakasema, "Yalla, tena!" Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikakaa garini muda mrefu.

Leo nilimweleza Odhiambo yote, kisha nikamwambia nyamaza. Nilikuwa na mpango wangu. Nilisema zimebaki siku chache, mtoto aende, afanye mtihani, apite, kisha nimwambie. Akiona sasa hatapanda ndege. Asipopanda hafanyi mtihani, watakaa kile kikao, na mimi ndiye nitakuwa nimemmaliza kwa mguu baada ya kummaliza kwa karatasi. Nikaona hayo ndiyo mapenzi. Odhiambo akainua ile karatasi yako, akanigongea kidole kwenye wino mwekundu.

"Si ni mtoto wako ameandika? Hata siku moja."

"Atakosa ndege."

"Mzee, wewe umemsahihishia wiki mbili hujui. Sasa unataka kumchagulia tena hujui?"

Nimeishi na mtu huyu miaka sita, namfundisha Kiswahili sanifu, kumbe ananingoja mahali.

Basi nimeshampigia bosi. Nimemwambia siendeshi tena mpaka daktari aseme. Amekasirika, kisha kaniuliza, kisha kasema niende leo leo. Odhiambo ameshuka kuleta gari la binamu yake. Atanipeleka hospitali magharibi ikiingia, na ameomba ruhusa ya kesho pia. Kwa hiyo mtu wa kunipeleka yupo. Ndege yako ni kesho asubuhi. Sikuombi upande, sikuombi ubaki. Nilichagua mengi kwa niaba yako bila kujua kusoma, hili utasoma mwenyewe. Nasema tu kama ningekuwa mgonjwa wako huko, ambaye humjui, ungenitazama, ungeniandikia cha kuandika, kisha ungekwenda kwenye kazi yako. Nifanye mgeni kidogo. Kama hutaweza, nitaelewa. Khofu sikukurithisha peke yake, nilikurithisha na ukaidi.

Kuna swali moja nimekutungia, uliongeze kwenye karatasi zako. Mgonjwa wa kisukari, mzee, dereva, kidonda chini ya mguu, binti yake ni daktari wa miguu na wamelala chumba kimoja wiki mbili. Kwa nini alichelewa kumwonyesha? Jibu lake haliko kwenye vitabu vyenu. Alitaka aendelee kuwa mtu wa kwenye hadithi zake.

Nimesikia mlango wa chini. Ni wewe, unapanda ngazi na mifuko, unahema, na mwenye bakala anakupigia kelele kuhusu ile saa tena.

Nimewasha taa zote mbili. Nimekaa kwenye kitanda cha Odhiambo, taulo safi chini, khofu nimezivua, udi sijachoma. Barua hii nakupa mkononi, usome kwanza mpaka hapa. Kisha piga magoti utazame, polepole, kama unavyotazama miguu ya watu wengine.

Na nikikuuliza, mwanangu, usinionee huruma ukaniambia sahihi.

Baba yako